Miaka Uliyokaa na Miaka Inayohesabiwa: Dhana Potofu Kuhusu Ukaazi na Uraia wa Nchi ya Kigeni

Anayehamia nchi ya kigeni hupewa ushauri na kila mtu. Aliyetangulia miaka mingi ana wake, mwenzake wa kazini ana wake, na kikundi cha WhatsApp kina wa watu wote waliomo. Wengi hawadanganyi. Wanasimulia yaliyowafaa wao, kwa sheria ya mwaka wao. Ila sheria za uhamiaji hazitulii. Ujerumani ilishusha muda wa kuomba uraia kutoka miaka 8 hadi 5 mwezi Juni 2024, ikafungua na njia ya mkato ya miaka 3 kwa waliojitahidi zaidi, na kufikia mwisho wa 2025 njia hiyo ya mkato ilikuwa imekwisha kufutwa.

Ukizipitia sheria za nchi mbalimbali utaona kwamba, karibu kote, kinachomfikisha mgeni kwenye uraia ni siku alizokaa kihalali na anazoweza kuzithibitisha. Ndoa inaweza kuzipunguza, na mara chache fedha pia. Dhana nyingi zinazosambaa humpotezea mtu siku hizo bila yeye kujua, na ndiyo maana inafaa tuzichambue.

"Viza yangu bado hai, kwa hiyo niko salama."

Viza humfikisha mtu mlangoni. Muda wa kukaa ndani ni jambo jingine, na mara nyingi una tarehe yake. Kwa Marekani tofauti hii ni kubwa: mtu anaweza kuwa na viza ya matembezi ya miaka 10 kwenye pasipoti, lakini ofisa wa mpakani akampa miezi 6 tu. Tarehe inayomfunga ni ile iliyo kwenye rekodi ya I-94, yaani rekodi ya kuingia na kutoka kwa mgeni, ambayo huonekana mtandaoni na wala haijabandikwa kwenye pasipoti. Kinyume chake pia ni kweli: viza ikiisha ukiwa ndani huku muda wako wa kukaa bado unaendelea, hujavunja sheria.

Aliyepitisha muda Marekani kwa zaidi ya siku 180 kisha akaondoka, hufungiwa kuingia kwa miaka 3. Akipitisha mwaka mzima au zaidi, ni miaka 10. Adhabu hiyo huanza anapotoka, ndiyo maana wapo walioishi kwa utulivu miaka na miaka, wakatoka kwenda kumzika mzazi, na hawakuweza kurudi kwa watoto wao.

Katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hesabu ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na watu huielewa kama likizo za shule: miezi mitatu ndani, unatoka siku mbili, unaanza upya. Haiko hivyo. Kila siku uliyomo, ofisa huhesabu siku 180 za nyuma kuanzia leo. Aliyeingia tarehe 1 Januari akakaa hadi 31 Machi, katika mwaka wa siku 365, amemaliza siku zake 90, na hawezi kurudi kabla ya tarehe 30 Juni. Tena siku hizo za matembezi hazimjengei ukaazi wowote, hata akizirudia kwa miaka.

"Nimeishi hapa miaka mitano, nastahili uraia."

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na wengi wao ni wachapakazi, walipa kodi, wasio na kesi polisi. Swali la mwanzo la ofisi ya uhamiaji ni kwamba miaka hiyo ulikaa kwa kibali gani. Uingereza, miaka ya masomo haiingii katika ile mitano ya mwenye kibali cha kazi ya ujuzi anayeomba ukaazi wa kudumu, ingawa huhesabiwa katika njia nyingine ndefu ya miaka 10. Kwa hiyo aliyesoma miaka minne na kufanya kazi mwaka mmoja ana miaka mitano ya maisha na mwaka mmoja wa sheria.

Kanada ina utaratibu wa wazi zaidi. Anayeomba uraia lazima atimize mambo mawili: awe mkaazi wa kudumu, na awe amekuwepo nchini kimwili kwa siku 1,095 ndani ya miaka 5 kabla ya maombi. Siku alizokaa kama mwanafunzi au mfanyakazi wa muda kabla ya ukaazi wa kudumu huhesabiwa nusu nusu, na haziwezi kuzidi 365. Chukua mtu aliyesoma huko miaka miwili kamili, siku 730, ndipo akapata ukaazi wa kudumu. Masomo yanampa siku 365. Bado anadaiwa siku 730, na kila wiki anayotoka nje ya nchi inamrudisha nyuma wiki nzima.

Uingereza nako kuna sharti ambalo limewaangusha watu waliojaza kila kitu vizuri. Anayeomba uraia kwa njia ya miaka 5 asiwe ametoka nje kwa zaidi ya siku 450 katika kipindi hicho, wala zaidi ya siku 90 katika mwaka wa mwisho. Hayo wengi wanayajua. Wasilolijua ni kwamba kwa kawaida lazima awe alikuwemo nchini siku ile ile, miaka 5 kamili kabla ya tarehe ambayo maombi yake yanapokelewa. Kama siku hiyo alikuwa safarini, dawa ni kusogeza tarehe ya kuomba hadi iangukie siku aliyokuwemo, na kuisogeza huko hakugharimu chochote. Kutuma kabla ya kuangalia kunaweza kugharimu ada nzima.

Kwa sababu hiyo, kitu chenye thamani kuliko ushauri wowote ni daftari la safari. Andika tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, nchi uliyokwenda, na uhifadhi tiketi. Mipaka mingi sasa haigongi mihuri, na pasipoti ya zamani ikipotea, kumbukumbu za kichwani hazitoshi kujaza fomu inayotaka kila safari ya miaka mitano. Hifadhi pia mikataba ya nyumba, hati za mishahara na barua za kodi. Yote hayo ni ushahidi kwamba ulikuwepo.

"Ukioa au kuolewa na raia, umeshapata makaratasi."

Dhana hii ina mizizi ya kweli. Zamani, katika nchi nyingi, mwanamke aliyeolewa na mgeni alichukua uraia wa mume papo hapo, apende asipende. Sheria ya Marekani ya mwaka 1907 iliwavua uraia wanawake wa Kimarekani walioolewa na wageni, na marekebisho yalianza mwaka 1922. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1957 kuhusu uraia wa wanawake walioolewa ulitungwa ili ndoa isibadilishe uraia wa mke moja kwa moja. Leo ndoa na raia hukufungulia njia, na njia ina masharti.

Marekani, kama ndoa ina umri chini ya miaka 2 siku unapopewa ukaazi, kadi hutolewa kwa masharti ya miaka 2. Wanandoa hutakiwa kuomba pamoja masharti yaondolewe ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha, wakionyesha kwamba wanaishi kama mke na mume: akaunti, kodi ya nyumba, bima, watoto kama wapo. Uraia wenyewe huombwa baada ya miaka 3 ya ukaazi, ukiwa bado unaishi na mwenzi wako raia, badala ya miaka 5 ya kawaida. Ufaransa huhitaji angalau miaka 4 ya ndoa.

Ubaya mkubwa wa dhana hii uko ndani ya nyumba. Mwenzi mkatili huitumia kama rungu: "Ukiniacha, ukiwapigia polisi, nakurudisha kwenu." Na aliyehamia anaamini, anavumilia kipigo, kwa kuwa anadhani makaratasi yake ni mali ya mwenzake. Hilo halina ukweli kwa nchi nyingi. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1994, mwenzi wa raia au wa mkaazi wa kudumu aliyenyanyaswa anaweza kujiombea ukaazi mwenyewe, kwa siri, bila saini ya mnyanyasaji. Uingereza ina njia yake ya ukaazi wa kudumu kwa wenzi ambao ndoa zao zimevunjwa na ukatili wa nyumbani. Anayemjua mtu aliye katika hali hiyo amwambie jambo hili leo, asingoje.

"Mtoto akizaliwa hapa, familia nzima imepona."

Mambo mawili yamechanganywa: uraia wa mtoto na haki ya mzazi kubaki.

Kwanza, kuzaliwa ndani ya mipaka hakumpi mtoto uraia kila mahali. Kanada, Brazili, Meksiko na Ajentina bado zinafuata kanuni hiyo. Uingereza iliiacha kuanzia tarehe 1 Januari 1983, Australia Agosti 1986, Ayalandi mwaka 2005 baada ya kura ya maoni, na Nyuzilandi mwaka 2006. Katika nchi hizi huangaliwa pia hadhi ya mzazi siku mtoto anapozaliwa.

Pili, hata mtoto akiwa raia, mzazi hapati kitu mara moja. Mtoto raia wa Marekani hawezi kumwombea mzazi ukaazi hadi afikishe miaka 21.

Lipo jambo ambalo wazazi hulisahau na linaumiza. Mtoto aliyezaliwa Uingereza bila uraia anaweza kuandikishwa kuwa raia mzazi wake akipata ukaazi wa kudumu, au akiwa ameishi huko miaka yake 10 ya mwanzo. Hilo halijitendi lenyewe, lazima liombwe. Wapo vijana waliogundua kwamba si raia pale walipotaka mkopo wa chuo au pasipoti ya safari ya shule.

"Ukaazi wa kudumu ni sawa na uraia, tofauti ni kura tu."

Hata hiyo kura si kipimo kizuri, maana Nyuzilandi huwaruhusu wakaazi wa kudumu kupiga kura baada ya kuishi huko mwaka mmoja. Tofauti kubwa ni kwamba ukaazi unaweza kupotea. Ukaazi wa kudumu wa Uingereza kwa kawaida hukoma ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Kanada hutaka siku 730 ndani ya kila miaka 5. Mwenye kadi ya kijani, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, anayekaa nje mwaka mmoja au zaidi bila kibali cha kurejea anahatarisha kila kitu. Na mkaazi, hata wa miaka thelathini, anaweza kufukuzwa kwa makosa fulani ya jinai.

Kura yenyewe ni mtego huko Marekani. Mtu anakwenda kuchukua leseni ya udereva, karani anamuuliza kama angependa kujiandikisha kupiga kura, naye kwa heshima anaitikia na kutia saini pasipo kusoma. Ametamka kwa maandishi kwamba ni raia. Kosa hilo linaweza kumfungia njia ya uraia na kumfukuzisha, na misamaha yake ni michache mno.

"Mwenye pesa hununua uraia popote."

Vipo visiwa vya Karibi vinavyouza, Saint Kitts na Nevis tangu mwaka 1984. Kwingineko milango inafungwa: Kupro ilisitisha mpango wake mwaka 2020, na Aprili 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba mpango wa Malta unakiuka sheria za umoja huo. Ile inayoitwa viza ya dhahabu, wanayopewa wanaowekeza fedha nchini, kwa kawaida hutoa ukaazi, sio uraia. Hispania nayo iliifuta Aprili 2025.

"Babu yangu alitoka huko, kwa hiyo uraia ni wangu."

Labda. Italia iliwapokea wajukuu na vilembwe kwa miongo mingi, kisha mwaka 2025 ikabana: kwa walio wengi, sasa lazima mzazi au babu au bibi awe raia, na kwa masharti ya ziada.

"Mtihani ndio utakaonikwamisha."

Mara chache. Katika mtihani wa uraia, Ujerumani huuliza maswali 33, ukipata 17 umepita, na yote hutoka kwenye orodha ya maswali 310 iliyo wazi kwa kila mtu. Kinachotaka muda ni lugha, na hiyo ianze mwaka wa kwanza.

"Uraia mpya hauugusi ule wa zamani."

Hilo huamuliwa na nchi zote mbili, kila moja kwa sheria yake. Ujerumani sasa inaruhusu uraia pacha kwa wote, lakini kama nchi yako ya asili ni India au Uchina, uraia wako wa kwanza hukoma kwa sheria siku unapochukua mwingine kwa hiari. Urithi wa ardhi, pensheni na haki ya kuishi ulikotoka huweza kuguswa, kwa hiyo soma sheria za pande zote mbili kabla ya kula kiapo cha uraia.

"Wakala ana mtu ndani."

Hakuna maneno yaliyokula akiba za watu kama haya. Wakala akikuwekea taarifa ya benki ya kughushi au barua ya mwajiri asiyekuwepo, anayeadhibiwa ni wewe uliyetia saini. Kanada humfungia aliyedanganya kwa miaka 5. Uingereza inaweza kumkatalia kwa miaka 10. Marekani inaweza kumfungia maisha. Uingereza, kutoa huduma ya ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai, na Kanada washauri wenye leseni wana orodha ya umma unayoweza kutafuta jina. Lisake jina kabla ya kulipa, dai nakala ya fomu nzima kabla haijatumwa, na usisaini karatasi tupu.

Wala usidhani kwamba kiapo kinafuta ya nyuma. Uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa baada ya miaka mingi, na hata mkataba wa mwaka 1961 wa kupunguza watu wasio na uraia unaziruhusu nchi kufanya hivyo. Ukigundua kosa katika fomu yako ya zamani, hata tarehe tu, mwone mwanasheria wa uhamiaji ukiwa na nakala mkononi, kabla ya kujaza fomu inayofuata.