Tiba ya kiwewe na alama za jeni: yanayosemwa na yanayojulikana

Tangu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na tena MV Nyerere karibu na Ukara mnamo Septemba 2018, Mwanza haijakosa watu ambao mlio wa honi ya kivuko unatosha kuwatoa jasho. Siku hizi, wanaposhauriwa kumwona mwanasaikolojia, husikia pia habari za epijenetiki, yaani elimu ya alama za kikemikali zinazodhibiti utendaji wa jeni, na nyingi kati ya hizo zimetiwa chumvi.

Dhana ya kwanza ni kwamba tiba ya mazungumzo ni kufarijiana tu, kwa kuwa maneno hayafiki mwilini. Ukweli ni kwamba tiba ya kiwewe ni kazi ngumu. Mtu anayezunguka hadi daraja la Kigongo–Busisi ili asipande kivuko cha Kamanga husimulia mkasa wake mara nyingi mbele ya mtaalamu, kisha hupangiwa kukikaribia hatua kwa hatua kile anachokikwepa: kwanza kusimama nje ya gati, baadaye kuingia kwenye kivuko kilichofungwa kamba, na hatimaye kuvuka. Hofu inayopungua katika mazoezi hayo huonekana pia mwilini, katika mapigo ya moyo na katika usingizi.

Dhana ya pili, inayopendwa zaidi, ni kwamba tiba “husafisha jeni”. Hakuna kinachosafishwa. Mpangilio wa DNA hubaki vilevile. Kinachoweza kubadilika ni alama za kikemikali zilizo juu yake, hasa za methili (kikundi kidogo cha atomi kinachojibandika kwenye DNA), ambazo huongeza au kupunguza utendaji wa jeni, kama mvuvi wa dagaa apunguzavyo mwanga wa karabai bila kubadilisha karabai yenyewe. Mwaka 2013, mtafiti Rachel Yehuda na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu wanajeshi wastaafu 16 waliopewa tiba ya aina hiyo, ya kusimulia mkasa na kukaribia kinachokwepwa, kwa wiki 12. Kwa waliopata nafuu, methili kwenye jeni ya FKBP5, inayohusika na jinsi mwili unavyoitikia kortisoli, homoni ya msongo, ilipungua. Kwenye jeni nyingine, NR3C1, ya kipokezi cha kortisoli, kiwango cha methili kabla ya tiba kilibashiri nani angepata nafuu, lakini chenyewe hakikubadilika. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2021, uliowahusu wagonjwa 44, wote wanaume, nao ulikuta mabadiliko ya methili yaliyoambatana na nafuu. Kuambatana, hata hivyo, si kusababisha: huenda tiba ndiyo iliyobadilisha alama, na huenda kulala vizuri au kupunguza pombe baada ya kupona ndiko kulikozibadilisha. Kwa idadi ndogo kiasi hicho, ninaona neno “huenda” ndilo la haki.

Wapo pia wanaoamini kwamba kipimo cha damu kitaonyesha kama mtu amepona. Hakipo kipimo kama hicho hospitalini. Alama za chembe za damu si lazima zifanane na za ubongo, na hubadilika pia kwa umri, sigara na maambukizi.

Dhana ya mwisho ni ile inayosema sayansi imethibitisha kuwa kiwewe hurithiwa, na wengine huiunganisha na laana ya ukoo. Utafiti wa mwaka 2014 nchini Rwanda, ng’ambo ya pili ya Kagera, uliwalinganisha wanawake waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 na wenzao wajawazito ambao hawakuwepo kwenye mauaji hayo, pamoja na watoto wao. Walioyapitia, mama na mtoto, walikuwa na methili zaidi kwenye NR3C1. Lakini watoto hao walikuwa tumboni wakati huo, wakipata homoni za mama zao moja kwa moja, na baadaye wakalelewa na mama hao hao wenye majeraha. Tofauti iliyoonekana inaweza kuwa imetokana na mimba au na malezi, bila kupitia yai wala mbegu, na utafiti wenyewe hauwezi kuzitenganisha njia hizo.