Kwa nini hakuna kiwanda kinachoshona kroshia?

Sweta ya shule unayomnunulia mtoto hapa Nairobi, mara nyingi imefumwa na mashine. Kitambaa cha kroshia kilichotandikwa kwenye kochi la sebuleni kina mtu aliyekishona kwa mkono, na hali ni hiyo duniani kote. Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufuma mwaka 1589, lakini mpaka leo kroshia halisi haijapata kiwanda. Kwa nini?

Jibu limo kwenye vitanzi. Anayefuma sweta huwa na safu nzima ya vitanzi vilivyo wazi kwenye sindano, pengine mia moja au zaidi, kila kimoja kikingoja zamu yake. Kazi hiyo mashine inaiweza: kila kitanzi kinapewa sindano yake ndogo, sindano zinapangwa mstari, uzi unapita, zinavuta. Mahali pa kila kitanzi panajulikana mapema.

Kroshia huwa na kitanzi kimoja tu kilicho wazi. Ukiwa nacho, unarudi kwenye kazi uliyokwisha kuifanya, unatafuta tundu, unapenyeza sindano, unazungusha uzi, unavuta, unafunga, ndipo unasonga mbele. Kila mshono hushikana na wa kando yake na wa chini yake pia. Na tundu lenyewe halitulii: kitambaa hujikunja, hulegea, huvutika kwa kadiri ya mkono wa mshonaji. Vidole vinalipapasa na kulinyoosha bila wewe hata kufikiri. Mashine ingelazimika kuona na kuhisi. Watafiti wa Bielefeld, Ujerumani, wameunda mashine ya majaribio inayoweza mishono ya msingi, lakini kutoka hapo hadi kiwandani ni mbali.

Ninachokipenda ni kwamba kitanzi hichohicho kinachoishinda mashine ndicho kinachoifanya kroshia ikubaliane na maisha ya jiji hili. Matatu ikikwama Jogoo Road, unatoa kazi yako. Konda akitaja steji yako, unakirefusha kitanzi kidogo, unatia kazi mkobani, unashuka. Kikichomoka, umepoteza mishono michache tu. Sweta ikichomoka sindano, safu nzima iko hatarini. Ndiyo maana watu hushona wakingoja maharagwe yaive, au kwenye foleni ya kliniki. Haihitaji meza wala stima.

Basi zile blauzi za matundumatundu za bei ya chini hutoka wapi? Nyingi ni za mashine za kufuma zinazoiga sura ya kroshia. Nyingine ni kroshia kweli, na hapo ujue kuna mtu aliyelipwa kidogo mno kwa saa zake. Hilo linaniuma, hasa ninaposikia mteja akimwambia mshonaji wetu ashushe bei kwa sababu “dukani ni nafuu.” Vitambaa vya seti moja ya makochi huweza kumaliza wiki kadhaa za jioni za mtu.

Kuzitofautisha, geuza nguo upande wa ndani. Ya mashine mara nyingi huwa na nyuzi nyingi zinazopanda sambamba kwa urefu wa kitambaa. Ya mkono, kama ina maua, tazama katikati ya ua moja: mara nyingi utakuta mnyororo mfupi uliofungwa kuwa duara, na karibu yake mkia wa uzi uliofichwa ndani ya mishono.