Je, wajua kwa nini uso wa saa ya enameli haupauki?

Kwenye kibaraza cha fundi saa mmoja karibu na soko la Mbuyuni, Moshi, nilioneshwa saa ya mfukoni ya zamani. Mkufu umeshika kutu, kioo cha juu kimekwaruzika, mashine imekufa. Lakini uso wake ni mweupe kama maziwa, na tarakimu zake nyeusi hazijafifia hata moja. "Hii siyo rangi," fundi akaniambia. "Hiki ni kioo."

Ni kioo kweli. Enameli ni kioo kilichosagwa kikawa unga laini, kikatiwa oksidi za metali ili kipate rangi: kobalti hutoa bluu, shaba hutoa kijani, na dhahabu hutoa wekundu. Unga huo hulowanishwa, hutandazwa juu ya bamba la shaba au dhahabu, kisha huingizwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Huko huyeyuka na kushikamana na bamba. Rangi ya kupaka hupauka kwa sababu jua huvunjavunja chembe zake. Rangi ya enameli imefungiwa ndani ya kioo, na kama imestahimili tanuri, jua la mchana haliiwezi.

Ndugu yake unaye nyumbani. Kile kikombe cha bati cha chai, cheupe chenye ukingo wa bluu, ni chuma kilichovikwa kioo namna hiyohiyo. Cha bibi yangu kilianguka, kikabanduka kipande kidogo ukingoni. Pale palipobanduka pakawa peusi, halafu pakaanza kutu. Kwingine kote ule weupe uko vilevile hadi leo.

Sasa, kama kikombe ni cha bei ya sokoni, mbona saa ya enameli hugharimu mamilioni? Mwaka 2021 kampuni ya Vacheron Constantin ya Geneva, iliyoanzishwa mwaka 1755, ilitoa saa za mkononi za kuwaenzi mabaharia watatu wa Kireno: Bartolomeu Dias, Vasco da Gama na Pedro Álvares Cabral. Kila baharia alitengenezewa saa kumi tu. Usoni mna ramani za bahari zilizonakiliwa kutoka atlasi ya mwaka 1519, na mkono wa mtu ndio uliozichora, kwa brashi nyembamba mno. Haziwekwi rangi zote kwa pamoja. Zinazostahimili moto mkali hutangulia, zile dhaifu hufuata, na kila mara bamba hurudi tanurini. Povu moja au ufa mmoja katika mzunguko wa mwisho, na kazi ya majuma mengi imekwenda. Hata mishale ya kawaida imeondolewa isiizibe picha. Tarakimu ya saa husafiri yenyewe kwenye upinde ulio chini, ikipita kwenye alama za dakika.

Ni kazi inayostahili heshima. Ila ningependa kuona uso mwingine: Malindi, Aprili 1498, rubani anayeijua Bahari ya Hindi akipanda chombo cha da Gama. Pepo za kusi zikaanza kuvuma, na chini ya mwezi mmoja wakawa wameiona India. Mtu aliyejua njia naye anafaa kuchorwa kwa kioo.

Kabla sijaondoka, fundi aliung'oa uso wa ile saa akaugeuza. Nyuma nako kumepakwa enameli, isiyo na mapambo yoyote. Kioo na metali havisinyai sawa vinapopoa. Ukipaka upande mmoja tu, bamba hupinda na kioo hupasuka. Ukipaka pande zote mbili, zinavutana kwa nguvu sawa. Akanionesha pia ufa mmoja, mwembamba kama unywele, ukianzia kwenye tundu la mishale na kukomea kwenye tarakimu ya nne. Akaufunga uso ule kwa pamba na kuuweka kwenye kopo peke yake, mbali na koleo zake.