Kabla ya Kununua Ploti, Uliza Maji ya Mvua Yataenda Wapi

Mvua ya milimita 40 ikinyesha juu ya paa la mita mraba 100, inateremsha lita 4,000 za maji. Sasa chukua shamba la ekari 10 huko Kiamunyi au Bahati, lililogawanywa kuwa ploti za futi 50 kwa 100. Ukishatoa sehemu ya barabara, zinabaki ploti 60 na kitu. Siku nyumba 60 zenye paa kama hilo zitakaposimama, mvua hiyo moja itashusha lita 240,000 kutoka kwenye mabati peke yake, sawa na malori 24 ya maji yenye lita 10,000 kila moja. Hapo hatujahesabu barabara wala nyua zilizotandikwa matofali ya kabro. Shamba lilipokuwa la mahindi, sehemu kubwa ya maji hayo ilinywewa na udongo.

Hapa Nakuru jambo hili lina uzito zaidi. Mji umekaa kati ya miteremko ya mlima wa volkano wa Menengai na Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Udongo, plastiki na oili ya gereji vikisombwa na mvua, vikifika ziwani vimefika. Udongo wetu wenyewe, kwa sehemu kubwa, ni wa volkano: mwepesi, wenye majivu, unaolika upesi. Mtaro wa udongo kwenye mteremko mkali unaweza kugeuka korongo katika msimu mmoja wa masika. Tena, kwa kuwa tuko ndani ya Bonde la Ufa, ziko nyufa za ardhini ambazo hufunguka mvua zikizidi. Kwa hiyo usichimbe shimo la kunyonyea maji ya paa karibu na msingi wa nyumba kabla mtaalamu hajapima udongo.

Katiba ya 2010 iliwapa kaunti kazi ya kusimamia maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, na ugawaji wa ardhi unahitaji idhini ya kaunti. Lakini mengi huharibika mapema, pale mpima ardhi anapoambiwa apate ploti nyingi iwezekanavyo. Barabara inachorwa kwa rula, moja kwa moja kushuka mlima, na bonde dogo ambalo hukauka kiangazi linapewa namba na kuuzwa. Atakayenunua ploti hiyo amenunua mtaro wa mtaa mzima.

Sasa tuje kwenye kabu, yaani ule ukingo wa zege kando ya barabara. Wauzaji wengi huzipaka rangi nyeusi na nyeupe, wanunuzi wakaona mtaa umependeza. Kazi yake hasa ni kushika maji ya barabarani na kuyapeleka kwenye mdomo wa mtaro. Kabu ya kawaida huinuka sentimita 15 juu ya lami. Barabara nayo iwe na mgongo, katikati juu na pembeni chini, kwa kiasi cha sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Kwa urefu, sakafu ya mtaro ishuke angalau sentimita 50 kwa kila mita 100, la sivyo maji yatasimama na kuacha tope. Mahali penye mteremko mkali, mtaro ujengwe kwa mawe au zege na uwekwe ngazi za kupunguza kasi.

Kabu zisizo na matundu ya kutolea maji ni hatari kuliko kutokuwa na kabu kabisa. Maji yanafungiwa barabarani, yanashuka kwa kasi hadi kwenye kona ya mwisho, na huko yanaingia katika geti la mtu. Angalia pia barabara ikikarabatiwa: wakimwaga lami ya sentimita 5 juu ya ile ya zamani bila kuikwangua, kabu yako ya 15 imebaki 10.

Kinachonisumbua zaidi ni pale mwenye nyumba anapovusha gari lake. Mtaro umepita mbele ya geti, lori la mchanga linataka kuingia, basi anajaza mawe na maramu. Mwenye huruma kidogo anaweka bomba la milimita 300. Mvua ya kwanza inaleta majani, chupa na nepi, bomba linaziba, maji yanapanda barabarani na kuingia kwa jirani wa chini, ambaye hakufanya kosa lolote. Bomba la milimita 600 lina nafasi mara 4 ya lile la 300, na fundi anaweza kuingiza jembe akalizibua. Kama mtaro si wa kina cha kutosha, weka vibao vya zege vinavyonyanyulika. Vivuko hivi viamuliwe mtaa unapochorwa, vyote kwa kipimo kimoja. Vikiachiwa kila mnunuzi, kimoja kibovu kinatosha kuharibu mtaro mzima.

Kwa hiyo ukipelekwa kuona ploti, omba ramani yenye mistari ya mwinuko, yaani inayoonyesha ardhi inapanda na kushuka wapi, na umwombe muuzaji akuonyeshe kwa kidole mahali mtaro wa mtaa unapomwaga. Akisema unaishia kwenye shamba la jirani, uliza kama jirani amekubali kwa maandishi. Nenda tena siku ya mvua, usiogope matope. Tazama alama za tope kwenye kuta za majirani, zitakuonyesha maji yalifika wapi.

Ambao tayari mnaishi, zibueni mitaro Februari, kabla ya mvua za Machi. Na udongo mnaoutoa upakiwe ukapelekwe mbali siku hiyo hiyo. Tumezoea kuurundika ukingoni, na mvua ya kwanza inaurudisha wote ndani.