Waliojenga Shule ya Gando: dhana potofu kuhusu Francis Kéré na mafundi wake

Mwezi Machi 2022, Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso alitunukiwa Tuzo ya Pritzker, heshima ya juu kabisa katika fani ya usanifu majengo, akawa Mwafrika wa kwanza kuipata. Tangu hapo jina lake limetajwa sana, hata huku kwetu Afrika Mashariki, lakini mengi yanayosemwa kumhusu yeye, ofisi yake na watu wa kijiji chake cha Gando, alikojenga shule ya msingi, hayalingani na kazi yenyewe. Nimeona niyaeleze, kwa sababu mwenye dhana hizo ataishia kustaajabia picha nzuri za majengo, asione jambo ambalo kamati ya shule ya Singida au ya Kitui ingeweza kulichukua na kulifanyia kazi.

Dhana: Kéré alisomea usanifu Ulaya, akafanikiwa, kisha akarudi kukisaidia kijiji chake.

Ukweli ni kwamba mambo yalikwenda kinyume cha hivyo. Kéré alizaliwa Gando mwaka 1965, mtoto wa kwanza wa mkuu wa kijiji, na akawa wa kwanza katika jamii yake kupelekwa shule. Kwa kuwa Gando haikuwa na shule, alilazimika kuondoka nyumbani akiwa na umri wa miaka saba kwenda mji wa Tenkodogo, ambako alisomea katika darasa lililosongamana watoto, lenye giza na joto kali. Baadaye alijifunza useremala, na ni useremala huo uliomfikisha Ujerumani mwaka 1985 kwa ufadhili wa mafunzo. Alisoma masomo ya jioni hadi alipojiunga na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, na mwaka 1998, akiwa bado mwanafunzi, alianzisha pamoja na wenzake jumuiya ya kuchangisha fedha za kujengea shule ya kijijini kwao. Shule hiyo ilikamilika mwaka 2001, naye alihitimu mwaka 2004, mwaka uleule ambao shule ilipata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan. Ofisi yake ya Berlin ilifunguliwa mwaka 2005. Kwa hiyo shule ya Gando ndiyo iliyoizaa ofisi.

Dhana: Jengo la udongo ni la maskini, na mvua ikinyesha linaanguka.

Hofu hii haipaswi kudharauliwa, maana wanakijiji wa Gando walikuwa nayo wenyewe. Kéré aliporudi na kuwaambia kwamba shule itajengwa kwa udongo walivunjika moyo. Walitarajia kwamba mtu aliyetoka Ulaya angewaletea zege na vioo, na walijua kwa macho yao jinsi kuta za udongo zinavyomomonyoka kila masika. Walichokuwa hawajaona ni udongo ulioandaliwa vizuri na kulindwa. Matofali ya Gando yalichanganywa na saruji kidogo, yakashindiliwa kwa mashine ya mkono na kuachwa yakauke bila kuchomwa. Kuta zikawekwa juu ya msingi imara, na paa likatokezwa mbali nje ya kuta ili mvua isizipige.

Ukichunguza nyumba ya udongo iliyoanguka katika vijiji vyetu, mara nyingi utakuta paa linaishia palepale ukuta unapoishia, na msingi ni mfupi kiasi kwamba maji yanayochuruzika kutoka kwenye bati yanaurukia ukuta na kuula kutokea chini. Tatizo hilo ni la ujenzi, wala si la udongo. Tena si kila udongo unafaa. Fundi makini huanza kwa kuujaza kwenye chupa angavu hadi nusu, akaongeza maji, akatikisa, kisha akaiacha itulie: mchanga hutua kwanza chini, vumbi laini hufuata, na mfinyanzi hukaa juu. Kwa kupima unene wa tabaka hizo anajua kama aongeze mchanga au atafute udongo kwingine. Kipimo hicho hakigharimu chochote, na inasikitisha kwamba matofali mengi hufyatuliwa bila kukifanya. Kutochoma tofali nako kuna faida ambayo sisi tunapaswa kuifikiria sana, kwa kuwa matanuri ya matofali katika mikoa yetu yanakula miti mingi mno.

Dhana: Wanakijiji walikuwa vibarua wa kujitolea tu, na ubunifu wote ulitoka kwa msanifu.

Hapa ndipo penye uzito wa suala lote. Ni kweli kwamba watoto walikusanya mawe ya msingi na wanawake wakabeba maji ya kufyatulia matofali, mambo ambayo yeyote aliyewahi kushiriki msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, anayafahamu. Lakini tazama kenchi za shule hiyo, yaani fremu zinazobeba paa. Zimeundwa kwa nondo nyembamba za kawaida, zile zinazouzwa kwa ajili ya zege, zilizokatwa kwa msumeno wa mkono na kuunganishwa kwa mashine ndogo ya kuchomelea. Gando hapakuwa na winchi ya kunyanyulia vyuma vizito, wala haikuwa rahisi kuifikisha huko, hivyo kila kipande kilipaswa kuwa chepesi kiasi cha watu kukinyanyua wenyewe, na rahisi kiasi cha vijana wa kijijini kufundishwa kukitengeneza. Uwezo wa mikono ya watu ndio ulioamua umbo la paa linalosifiwa leo duniani.

Vivyo hivyo katika maelewano. Ramani ya karatasi haina maana kwa mtu ambaye hajafundishwa kuisoma, kwa hiyo Kéré alichora ardhini na kujenga sehemu za majaribio. Wakati wa kupanua shule, alipotaka kutumia dari la tao lililojengwa kwa udongo, alijenga kwanza tao la mfano, kisha yeye na mafundi wakapanda juu yake na kurukaruka mbele ya watu. Hakuna hesabu ya kihandisi ambayo ingewaridhisha kuliko hivyo. Kwenye maktaba ya Gando, vyungu vya udongo kama vile wanavyofinyanga wanawake wa pale vilikatwa juu na chini, vikapangwa darini kabla ya zege kumwagwa, ili matundu yake yaingize mwanga na kutoa hewa ya moto. Aliyefinyanga chungu kile ni mmoja wa waliolibuni dari lile, na mimi sioni haki ya kumwita kibarua.

Dhana: Paa la bati haliwezi kuwa na ubaridi bila feni au kiyoyozi.

Gando wametumia bati lilelile tunalolifahamu. Tofauti ni kwamba halikai juu ya vichwa vya watoto. Chini yake kuna dari la matofali ya udongo lenye matundu, na kati ya dari na bati kumeachwa nafasi kubwa iliyo wazi kwa upepo. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, ikivuta hewa ya baridi kupitia madirishani. Dari hilo pia hupunguza kelele za mvua, ambazo katika madarasa mengi humlazimisha mwalimu kusimamisha somo.

Dhana: Jengo endelevu halipaswi kuwa na saruji wala chuma.

Gando kuna vyote viwili, ila vimewekwa pale tu ambapo udongo hauwezi kuifanya kazi hiyo.

Dhana: Ramani ya Gando ikinakiliwa, inafaa popote Afrika.

Kéré mwenyewe hafanyi hivyo. Shule ya sekondari ya Lycée Schorge mjini Koudougou, iliyokamilika mwaka 2016, imejengwa kwa mawe mekundu ya laterite yaliyochimbwa karibu na hapo, na kuzungushiwa uzio wa fito za mkaratusi unaoleta kivuli. Nchini Kenya, kwenye ufuo wa Ziwa Turkana, kituo cha Startup Lions cha kuwafundisha vijana teknolojia ya habari kilikamilika mwaka 2021 kwa mawe ya pale pale, kikiwa na minara mirefu iliyoigwa kutoka kwenye vichuguu vya mchwa vinavyoonekana kila mahali katika eneo hilo: minara hutoa hewa ya moto juu, na hewa safi huingia kupitia matundu ya chini.

Dhana: Ujenzi ukiisha, kijiji hubakiwa na jengo tu.

Baada ya shule zilifuata nyumba za walimu mwaka 2004 na upanuzi wa madarasa mwaka 2008, na wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban 120 hadi 700 hivi. Vijana waliojifunza kufyatua matofali, kujenga kuta na kuchomelea pale Gando wameendelea kuitwa kwenye kazi nyingine ndani ya Burkina Faso, wakilipwa kama mafundi.