Je, wajua daktari hutambuaje seli za kinga zilizochomwa mwilini zimefika wapi?

Zipo tiba za saratani ambazo mgonjwa hurudishiwa seli zake mwenyewe. Anatolewa damu, seli za kinga zinatengwa, zinafunzwa maabarani kuitambua saratani, kisha anachomwa nazo. Seli za dendritiki hutegemewa hasa: huingia kwenye tezi ya limfu na kuzionyesha seli T, yaani seli za kinga zinazoshambulia, sura ya adui. Zisipoingia humo, tiba nzima imepotea. Na seli ni ndogo mno, haionekani yenyewe kwenye picha ya hospitali.

Watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walipata njia. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2005, seli za wagonjwa 8 wa melanoma, saratani kali ya ngozi, zililishwa chembechembe za oksidi ya chuma kabla ya kuchomwa. Mashine ya MRI hutumia sumaku kubwa, nyingi zikiwa za tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na husikiliza mawimbi ya redio yanayotoka kwenye hidrojeni ya maji ya mwilini. Penye chuma sumaku huvurugika, mawimbi hufifia upesi, na picha hutoa doa jeusi. Doa likiwa ndani ya tezi, seli zimefika.

Madaktari walikuwa wamechoma sindano kwenye tezi huku wakiongozwa na ultrasaundi. Hata hivyo, ni wagonjwa 4 tu ambao seli zao ziliingia ndani ya tezi ipasavyo! Picha za mionzi zilizopigwa sambamba hazikuweza kulibaini hilo. Mimi jambo hili linanigusa sana, kwa sababu mgonjwa angeweza kuambiwa tiba imemshinda, kumbe hata haikufika.

Chuma nacho kina udhaifu. Damu iliyovilia pia huacha doa jeusi, na doa halisemi kama seli bado i hai. Ndiyo maana wengine waligeukia florini, wakazilisha seli hiyo badala ya chuma. Florini ya mwilini imo zaidi kwenye mifupa na meno, ambako MRI ya kawaida haiisomi, hivyo mawimbi yake yakisikika yametoka kwenye seli zilizochomwa, na wingi wake hukadiria idadi ya seli. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la kwanza la namna hiyo kwa binadamu, kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana. Tatizo lililobaki ni kwamba mawimbi ya florini ni hafifu: seli zikiwa chache, mashine haizioni.