Diski inang'aa, lakini imekwisha: yanayosemwa gerejini kuhusu breki

Mzee mmoja aliteremka na familia yake kutoka Lushoto kwenda Mombo. Kona za chini chini, pedali ya breki ikaanza kuzama kama anakanyaga godoro. Alifanikiwa kusimama kwa kushusha gia na kuvuta breki ya mkono polepole. Gari lilipofika kwangu kwa kuvutwa, jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba pedi, vile vibao vinavyobana diski, alibadilisha mwezi uliopita, na fundi alimhakikishia diski, zile sahani za chuma zinazozunguka na gurudumu, bado nzima kwa sababu zinang'aa.

Pedi kweli zilikuwa mpya. Diski ya mbele kulia ilisoma milimita 18.4. Ubavuni mwake, chini ya vumbi jeusi, kiwanda kilikuwa kimegonga maandishi madogo: MIN TH 20 mm. Yaani ikifika 20, itolewe.

Kung'aa si dalili ya uzima. Kunaonyesha tu kwamba pedi inaisugua. Kisu kinachonolewa kila siku nacho hung'aa, huku kinakwisha. Diski nyingi za mbele za magari madogo huanza na milimita 22 au 25, na kikomo huwa kiasi cha milimita 2 tu chini ya hapo. Milimita 2 pande zote mbili kwa pamoja! Jicho haliwezi kuiona tofauti hiyo. Kwa hiyo fundi akikwambia "bado" bila kushika kipimo, muombe apime ukiwa umesimama hapo.

Na upimaji wenyewe una mtego. Diski ikiliwa, ukingo wa nje ambao pedi haiufikii hubaki umeinuka kama mdomo wa sinia. Ukibana vernia, kile kipimo cha mkono chenye meno mawili, moja kwa moja, meno yake hukaa juu ya mdomo huo, nawe unasoma unene wa zamani. Maikromita, kipimo chenye ncha nyembamba zinazopita ndani ya mdomo huo, ndiyo kifaa chake. Kama huna, weka sarafu moja kila upande wa diski, mahali pedi inaposugua, bana vernia juu yake, kisha toa unene wa sarafu zote mbili. Rudia sehemu sita au nane kuizunguka diski, na namba ndogo kuliko zote ndiyo jibu lako.

Kwa nini wembamba una hatari hivyo? Kwa sababu diski ndiyo ghala la joto. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka karibu mita 1,000. Gari la kilo 1,200 likishuka kimo hicho linaachia nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 30 za maji ya bomba. Upepo na injini vikichukua sehemu yake, kinachobaki chote kinaingia kwenye breki. Chuma chembamba hupata moto haraka zaidi, joto likapenya kwenye pedi hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mapovu, na mapovu ndiyo lile godoro alilokanyaga mzee. Mlimani teremka kwa gia ndogo. Hata gari la otomatiki huwa na 2 na L kwenye mkono wa gia kwa kazi hiyo.

Wapo wanaoniuliza diski hubadilishwa baada ya kilomita ngapi. Hakuna namba. Daladala inayosimama kila kituo na gari linalokwenda Segera na kurudi bila foleni haviwezi kuwa na umri mmoja. Wengine husubiri kelele. Kile kibati kinachopiga mluzi kimefungwa kwenye pedi, na pedi nyingi za bei rahisi hazina hata hicho. Diski iliyokonda huweza kukaa kimya kabisa.

Sasa tuje kwenye hili linalokula pesa za watu: "Usukani unatetema ukikanyaga breki, basi diski imepinda, ikachongwe kwenye mashine inyooke." Mara nyingi haijapinda hata kidogo. Fundi aliyefunga diski hakusafisha kutu kwenye haba, yaani kitovu cha gurudumu ambako diski hukaa. Punje ya kutu iliyobanwa pale inatosha kuifanya diski iyumbe, na kuyumba kwa sehemu ya kumi ya milimita tayari ni kwingi. Kila mzunguko pedi inagusa mahali palepale, inapala kidogo kidogo, mpaka unene unatofautiana na usukani unaanza kucheza. Ndiyo maana mtetemo hauanzi siku ya kufunga, unakuja baada ya miezi, na mteja analaumu diski. Brashi ya waya dakika tano, kisha kukaza nati kwa kupishana badala ya kuzunguka duara, kungemwokoa. Kuchonga si dhambi, lakini piga hesabu kwanza: ikiwa diski ina 20.6 na kikomo ni 20, ukiondoa nusu milimita umebakiza maisha ya wiki chache. Nunua mpya.

Kutu ya rangi ya chungwa asubuhi baada ya mvua, hasa sisi wa Tanga na pwani yote, isikutishe. Breki mbili tatu inatoka. Kutu iliyotoboa vishimo mahali pedi inaposugua, au ufa uliofika ukingoni, haijadiliwi. Toa diski.

Na usibadilishe upande mmoja. Diski nene na nyembamba hazipati joto sawa, na gari litavuta upande siku unayohitaji linyooke. Pedi nazo ziwe mpya, kwa sababu za zamani zimeshachukua umbo la mifereji ya diski iliyotoka.

Ukishafunga, usiende moja kwa moja mlimani. Tafuta barabara tupu, punguza mwendo kutoka 50 hadi 20 kama mara kumi bila kusimama kabisa, ukiacha breki zipoe kidogo kila mara. Ukimaliza endesha taratibu bila kukanyaga sana, na usiegeshe huku umekandamiza pedali wakati diski bado ni za moto.